Mikia ya Tausi Iliyotiwa Wanga

Fss. Kimya kidogo. Fss, fss. Mlio ulipenya ukutani kutoka sebuleni, laini, wa subira, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Kijana alikuwa amejinyoosha kitandani mchana ule wa Jumamosi, macho mazito, vidole vikimuuma kwa kukunja karatasi tangu alfajiri. Akajisemea kwamba mama ananyunyizia sisimizi dawa. Akageukia ukutani, akalala fofofo.

Huko sebuleni, juu ya meza, juu ya kabati la vyombo na hata sakafuni, mikia ya tausi mia moja na kumi ilikuwa imepangwa kwenye masinia. Kila mkia ulikuwa leso moja ya karatasi, zile za kufutia mdomo mezani, iliyokunjwa marinda membamba kumi na mawili, ikabanwa chini, ikaachiwa juu itanuke kama upepeo. Kukunja si kazi. Kazi ni kuifanya isimame. Wiki nzima ilikuwa ikilala, mmoja baada ya mwingine, na wiki nzima nyumba ilimsikia akiigombeza.

Alikuwa na sababu. Miaka mitatu sasa alikuwa akiosha vyombo katika ukumbi wa sherehe, mikono ndani ya maji ya sabuni mpaka ncha za vidole zikafanya marinda zenyewe. Kukunja alijifundisha mwenyewe, kwa leso zilizobaki mezani, akiharibu nyingi kuliko alizofaulu. Siku moja akamwekea bosi wake mkia mmoja kwenye sahani ya chakula cha mchana. Bosi, mwanamke mwenye ukumbi, hakumsifu. Alisema tu kwamba Jumapili kuna wazee wawili wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, wageni mia na kumi. Akizipamba meza zile zikampendeza, atatoka kwenye sinki awe mpambaji wa ukumbi. Zisipompendeza, abaki na masufuria yake na asimsumbue tena na makaratasi.

Kijana hakuwahi kujua kumeza maneno. Alirudi jikoni akawatangazia wenzake kwamba kuanzia Jumatatu wamtazame mikono: itakuwa mikavu. Mhudumu mmoja mrefu, mwembamba, ambaye wote walimwita Kijiko, akamuuliza kama wataruhusiwa kuishika mikono hiyo wakimsalimia au itabidi waombe miadi. Toka siku hiyo wakambandika jina, Fundi Karatasi.

Nyumbani mama yake alizoea kuja kusimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa dobi kwa miaka thelathini, mtaa mzima ulimjua kama Mama Pasi, mpaka kiuno na macho vilipomwambia basi. Aliuliza vitu vile ni vya nini. Kesho yake akauliza vinawekwa wapi. Kila mara kijana alijibu bila kugeuza shingo.

"Mama, hutaelewa. Niache nimalize."

Na mama alikwenda zake, akiburuza kandambili.

Jumapili asubuhi, kijana alifungua maboksi ukumbini, Kijiko akiwa pembeni amekunja mikono kifuani, tayari kucheka. Mikia ikatoka imesimama. Akaipanga sahani baada ya sahani, hakuna uliolala. Feni za darini zilizunguka kwa kasi na haukutikisika hata mmoja. Aliona ajabu kidogo, lakini mtu akianza kusifiwa haulizi maswali mengi. Kijiko mwenyewe alizunguka meza zote, akatingisha kichwa, akakiri kwamba safari hii Fundi amewaweza.

Saa nne bosi akaingia. Alikuwa na desturi yake: hakagui meza akiwa amesimama. Huvuta kiti, hukaa kama mgeni, huinua glasi, hushika uma, kisha huchukua leso aitandaze mapajani. Akakaa. Akainua glasi, akashika uma. Akachukua mkia wa tausi, akaukung'uta ufunguke.

Haukufunguka. Akauvuta huku na huku, ukalia kach, ukakatika vipande viwili kama biskuti. Akachukua wa pili. Kach. Kipande kimoja akajipangusa nacho mdomo, akasita, akajishika mdomo kama mtu aliyekwaruzwa.

"Umezitia nini hizi?"

Kijana akaunusa mmoja. Harufu ile aliijua kabla hajajua kusoma. Ilikuwa harufu ya sare zake za shule, kola zilizosimama kama ubao, shingo ikimwasha mpaka kengele ya kutoka. Wanga. Fss, fss. Damu ikampanda kichwani.

"Si mimi," alisema. "Ni mama yangu."

Kijiko akageukia ukuta, mabega yakimcheza. Bosi hakucheka. Aliuliza mgeni akidondokewa na mchuzi ajipanguse na nini, na mbao? Stoo kuna pakiti za leso nyeupe, akasema, na muda uliobaki ni saa mbili.

Leso za stoo zilikuwa nyepesi, za tabaka moja, zile zinazowekwa msalani. Akifika rinda la tatu, karatasi inachanika. Akikunja kwa upole, inalala. Akikaza, inapasuka. Alijaribu kwa ukucha, akajaribu kwa mgongo wa kisu, akajaribu kuzibana mbili mbili mpaka akaona hazitatosha. Baada ya saa nzima alikuwa na kumi na tisa, zote zimeinama kama wanafunzi waliofumaniwa. Tone la jasho likaangukia ya ishirini, ikatoboka katikati. Akapiga meza ngumi. Zile kumi na tisa zikalala zote kwa pamoja, kana kwamba zilikuwa zikisubiri amri.

Kijiko alikuwa ameacha kucheka. Akavuta pakiti, akaanza kukunja pembetatu za kawaida na kuzisukuma chini ya uma, meza hadi meza. Hilo lilimuuma kijana kuliko kicheko.

Bosi alipopita tena aliziona pembetatu, akasema zinatosha. Mikia akaamuru iondolewe. Kijana hakuambiwa kitu. Alinyooshewa kidole tu, upande wa jikoni.

Aliosha sahani mia na kumi. Kupitia kidirisha cha kupitishia vyombo alisikia wageni wakiwapigia makofi wale wazee wawili, na kila makofi yalipopigwa alisugua kwa nguvu zaidi, akitunga ya kumwambia mama yake. Maneno hayakuwahi kumpiga chenga. Kufikia sahani ya themanini hotuba ilikuwa imekamilika, ina mwanzo, ina mwisho, na katikati ina miiba. Alipotoka aliokota boksi moja la mikia lililotupwa nje ya mlango, liwe ushahidi.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa alipofika. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amefunga kilemba chake cha kutokea, kama mtu anayesubiri mgeni. Hakungoja avuke kizingiti.

"Zilisimama, baba?"

Hotuba ilikuwa tayari, lakini kijana akalificha boksi nyuma ya mgongo.

"Zilisimama," alijibu.

Mama akacheka kwa furaha, akaanza kueleza. Wanga aliupunguza sana, akanyunyiza kwa mbali kama anavyofanya kwa kola ya mtoto, kisha akayasogeza masinia dirishani yapate jua. Alikuwa amemhurumia wiki nzima akiteta na karatasi zisizotaka kusimama, akaona hilo nalo haliwezi kumshinda yeye, Mama Pasi. Huku akisema akamshika mikono ampongeze. Dobi anaujua mkono uliotoka majini. Akavigeuza vidole vile, vyeupe, vilivyonyauka.

"Mbona umeosha vyombo?"

Kijana akaweka boksi chini, akatoa mkia mmoja, akajipangusa nao mdomo mbele yake. Kach. Kipande kikaanguka katikati yao.

Mama akainama akakiokota, akakisugua kwa kidole gumba.

"Kumbe ni za kufutia mdomo," alisema polepole. "Mimi nilidhani ni maua."

Kijana alitafuta pa kuitupia hasira yake. Ya Kijiko ilikuwa na mahali, ya bosi ilikuwa na mahali, hata ya zile karatasi za msalani. Ya mama haikupata pa kwenda. Kila alipoisukuma ilirudi kwake, ikamkuta amelala ameelekea ukutani, akisikia fss, fss, bila kuinuka. Ikamkuta kitini, hageuzi shingo. Akakaa sakafuni karibu na kigoda, magoti kifuani, bado anafoka ndani kwa ndani.

Mama alisema basi, yeye hatagusa tena vitu vyake.

"Utagusa," alisema kijana. "Jumamosi nanunua pakiti nyingine, bosi apende asipende. Na sikunji hata moja kabla sijakueleza ni ya nini. Ukiniuliza mara mia, nitakujibu mara mia. Sitakwambia tena hutaelewa. Nakuahidi, mama."