Roho ya Saba

Hasira ninazo, sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mdogo wangu Subira ana ushahidi wake juu ya nyusi ya kushoto: kovu dogo la siku nilipomsukuma akaangukia mbuzi ya kukunia nazi. Alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mitatu. Mtu wa namna hii hafai kushika kontrola ya gemu lile, na lau Subira angekuwa na macho yake, nisingelishika hata siku moja.

Gemu ni lake. Alikuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja kule Diani, na mwenzake mmoja, Hesbon, alipohamia kwao Kisumu alimwachia mashine na gemu hilo moja tu. Alimwonya, "Hii haina huruma, Subira. Hii ni ya kulia." Ni habari ya mwanamke shujaa anayeshuka ndani ya jumba la wafu, ghorofa chini ya ghorofa, akitafuta mahali jua linapochomoza. Unapewa roho saba. Kila ukifa inatoka moja, na ya saba ikitoka gemu linafuta kila kitu: silaha, milango uliyoifungua, na shujaa mwenyewe uliyemuumba, jina lake na uso wake.

Uso ndio uliokuwa jambo. Kabla ya kuanza unaruhusiwa kumchora mtu wako utakavyo, pua, midomo, mashavu. Subira alichora kwa wiki nzima, na wakati huo presha ya macho ilikwisha kulichukua jicho moja na imeingia la pili. Alijichora mwenyewe. Mimi nilikuwa na nguo za harusi za kumalizia, nikapita nyuma yake na bakuli la mihogo, nikatupa jicho mara moja, nikamwambia, "Umejipendelea." Nikaenda zangu kwenye cherehani. Baadaye shujaa akavaa kofia ya chuma iliyofunika uso wote, na uso ule haukuonekana tena. Hesbon alisema kofia huvuliwa mara moja tu, mwisho kabisa. Ukimshinda adui wa mwisho jua linatoka, naye anaivua akikutazama.

Subira alifika nusu ya jumba amepoteza roho moja tu. Alipofika hapo hakuweza tena kutofautisha kioo cha televisheni na ukuta. Kule Msambweni daktari alimwambia bila kumficha kwamba kilichokwisha potea hakirudi. Alikaa siku tatu hasemi. Siku ya nne akaniita.

"Dada, wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa masikio. Nataka tufike mwisho, uniambie akivua kofia anafananaje. Ule ndio uso wa mwisho nilioweza kuuona."

Sikuwahi kushika kontrola maishani. Tangu siku hiyo nimemuua mara tano. Mara mbili kwa ujinga na mara tatu kwa hasira, kwa kuwa adui akinipiga nami humfuata nimrudishie, na gemu lile linawangoja watu kama mimi. Kila nikimuua Subira alikuwa akisema tu, "Hasira hasara, dada," kisha tunaendelea. Ningeona afadhali anitukane.

Basi Jumanne ile tulikuwa na roho moja na adui mmoja. Tulimwita Mama Njuga, kwa kuwa ana kengele miguuni kama wachezaji wa ngoma. Chumba chake ni giza tupu, kioo cheusi, humwoni wala hujioni. Unamsikia tu. Njuga hulia mara tatu zikikujia, zinanyamaza, kisha panga linashuka. Ukiruka upande ulio sawa unapata nafasi ya kumchoma mara moja. Anataka kuchomwa mara ishirini. Na ukishaingia chumbani mwake hakuna kutoka, wala gemu halikubali kusimamishwa.

Nilizipanga spika nne, moja kila ukuta, na Subira akaketi katikati. Tuliswali adhuhuri, tukala, na kufika saa nane u nusu tuko mkekani. Nyumba yetu hapa Waa imepakana na msikiti, kipaza sauti kinatazama dirisha letu. Kwetu ikiadhiniwa kila kitu hunyamaza, redio, televisheni, hata cherehani. Mama alitufundisha hivyo kwa makofi ya mkononi. Subira aliuliza kama tungoje mpaka tuswali alasiri kwanza. Mimi ndiye niliyesema muda unatosha.

Njia ya kushuka ikatuchelewesha. Tuliingia kwa Mama Njuga saa tisa na nusu imepita.

"Kushoto," Subira akasema. Nikaruka kulia, nikachoma. "Nyuma. Ngoja. Ngoja, dada. Sasa."

Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vimekamata ukingo wa mkeka. Sikupata kumsikiliza mtu namna ile tangu nizaliwe. Akisema ngoja nangoja, na mimi si mtu wa kungoja. Kumi. Kumi na moja. Jasho likaniingia machoni nikaogopa kupepesa, ingawa hapakuwa na cha kuona. Kumi na sita. Kumi na saba.

"Amebadilisha mwendo," akanong'ona. "Anazunguka. Usiguse kitu."

Kulia. Kumi na nane. Mbele. Kumi na tisa. Nilimsikia Subira akivuta pumzi na kuizuia. Njuga zikalia mara moja.

Kipaza sauti cha msikitini kikakwaruza, na adhana ikaanza.

Mkono wangu wa kushoto haukuniuliza. Uliiacha kontrola, ukaiokota rimoti mkekani, ukazima sauti. Miaka thelathini na nne umefanya hivyo, ukafanya tena. Mazoea yana taabu.

"Dada," Subira akasema, "mbona umezima?"

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Nikatafuta kitufe, nikabonyeza kisicho chenyewe. Kontrola ikatetemeka mara moja viganjani mwangu. Kioo kikawa chekundu, kikawa cheusi, kisha ukaja ukurasa wa kwanza kabisa, wenye neno moja tu la kuanza upya. Jina la shujaa wetu halikuwamo.

Subira hakuona. Wala hakusikia, kwa kuwa sauti ilikuwa imezimwa. Sasa alikuwa akimjibu muadhini kimyakimya, midomo ikicheza, na hawezi kuniuliza kitu mpaka amalize. Nikabaki na muda wa adhana nzima wa kufikiri, na sikufikiri la maana. Nilijichukia. Nilimtazama nikaona siwezi kumwambia kwamba nimemuua tena, na safari hii kwa jambo la kheri.

Adhana ikaisha. Akasoma dua, akapangusa uso kwa viganja.

"Imekuwaje?"

"Tumemshinda," nikasema.

"Wallahi?"

"Si nakwambia. Nilichoma nikabahatisha, akaanguka."

"Jua linatoka?"

"Linatoka."

"Amevua kofia?"

Nikasema amevua. Akasogea karibu, akakunja miguu kama alipokuwa mdogo akingoja hadithi. "Haya. Niambie."

Kiooni hapakuwa na kitu. Nikageuka nikamtazama yeye. Miezi minne nimekaa ubavuni mwake macho yangu yako kwenye televisheni, na sijui kabla ya hapo nilimtazama lini.

"Uso wake ni wa duara," nikasema. "Amekonda kidogo mashavuni. Pua ni ya mama, ile iliyopanuka chini. Midomo ameibana kama mtu anayezuia kucheka. Ana kidoti shavu la kulia. Macho makubwa, hayakutazami sawasawa, yanatazama kando yako." Nikainama karibu zaidi. "Na ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Dogo, kama punje ya mchele."

Subira akainua kidole, akajigusa pale pale.

"Kovu sikumwekea," akasema.

Nikalia kama mtoto, nikamwambia yote, mkono, rimoti, ukurasa mtupu. Nikamwomba msamaha wa uso, nikajikuta namwomba na wa mbuzi ya nazi, ambao sikuwahi kumwomba.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akapapasa mkekani akaipata kontrola, akaiweka mapajani mwangu.

"Tukaswali kwanza," akasema. "Tukirudi, mchore tena. Na safari hii kovu liweke. Unajua lilipo."