Dakika Moja ya Gladness

Gladness alikaa juu ya tofali, kama wenzake wote wa darasa la tatu, magoti karibu na kidevu. Mtafiti Raphael alikuwa na kiti. Elieth, mama yake Gladness, alisimama mlangoni na kichanga mgongoni; fomu ilimruhusu mzazi kushuhudia.

Fomu ile aliijua. Miaka miwili nyuma, watafiti walipofika mara ya kwanza kijijini hapa, mbele ya mji mdogo wa Haneti, ni yeye aliyewasomea akina mama wenzake. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, Gladness akiwa titini. "Mradi unakusudia kuwapatia watoto vitabu na mwalimu wa kusoma," alisoma, kwa sauti iliyonyooka. Wakachovya vidole kwenye wino mmoja baada ya mwingine.

Vitabu vilikuja kweli. Lori likapita nje ya shule na vumbi lake, likaenda kushusha kijiji cha pili.

"Kura imewaangukia wale," Mwalimu Mkuu Batholomeo alimwambia siku ile. "Sisi ni wa kulinganishwa. Tunapimwa, hatupewi. Ndipo wajue kama vitabu vinasaidia."

"Ulijua toka mwanzo, mwalimu?"

Batholomeo alifuta ubao usiokuwa na kitu. "Ningesema, mngeweka vidole?"

Tangu hapo, kisimani, jirani yake Paskazia humwamkia hivi: "Msomaji wetu, leo umetuletea habari gani?"

Tumaini lililobaki lilikuwa kauli ya Raphael: kipimo cha tatu ndicho cha mwisho, na shule itakayoonekana bado iko chini, nayo italetewa vitabu. Basi jana Elieth alimwambia mwanawe, "Usichokijua, nyamaza. Si aibu."

Raphael akabonyeza saa. "Haya, soma."

"Asha alikwenda gulioni na mbuzi wake mweupe," Gladness akaanza, na hakusita tena. Mbuzi akakata kamba, Asha akalia, bibi akacheka. Habari ilikuwa ileile ya kipimo cha kwanza na cha pili. Ndiyo hadithi pekee iliyowahi kufika shuleni kwenye karatasi, na watoto walikuwa wameifanya wimbo wa kufukuzia ndege kwenye mtama. Hata wasiojua herufi moja waliimaliza bila kupumua.

Kidole cha Gladness kilikuwa bado kwenye neno la kwanza.

"Safi sana," Raphael alisema, akiandika. "Kutoka maneno mawili kwa dakika mpaka hamsini na nane."

"Kaka, hajasoma," Elieth alisema. "Amekariri. Muulize neno lolote hapo katikati."

"Mama, utaratibu hauruhusu. Naandika ninachosikia."

"Na vitabu?"

Raphael alifunua karatasi nyingine. "Kwa hali hii, mama, shule yenu inajiweza. Mtoto anayefuata aingie."

Dirishani, foleni ilikuwa imeanza kujipasha, kwa sauti za chini: Asha alikwenda gulioni.

Gladness alitoka mbio na penseli ya shukrani, ya njano, yenye maandishi ya bluu ubavuni. Akaiinua hadi usoni pa mama yake. Akina mama waliokuwa barazani wakiwasubiri wanao waligeuka, Paskazia wa kwanza.

"Mama, hapa wameandikaje?"

Kila Mtoto Asome. Elieth aliyapitia maneno yale mara mbili, midomo imefungwa.

"Mama, si unajua kusoma?"