Maneno ya Kwenye Tangi

Ndugu msomaji, kwa unyenyekevu mkubwa najitambulisha: mimi ndiye Mheshimiwa, mwanafunzi wa bweni niliyewahi kuadhibiwa kwa kumvika mbuzi wa shule tai ya mwalimu wa nidhamu. Mbuzi alipendeza kuliko mwenyewe, lakini hayo tuyaache.

Mdahalo wa muhula ulikuwa na mada nzito: mema ya taifa letu yanazidi maovu yake. Kwa desturi ya shule yetu, anayeshinda ndiye hutunga maneno ya kumbukumbu, na safari hii yangepakwa kwenye tangi jipya la maji, ambalo wazazi wangekuja kulizindua Jumamosi. Maji yenyewe hutoka bwawani, nyuma ya kilima. Mtetezi wa mada nilikuwa mimi. Mpinzani alikuwa Sindano, msichana mdogo wa umbo, lakini akikuchoma utauguza wiki nzima.

Nilipanda jukwaani na mizani ya jikoni, ile ya sahani mbili. Sahani ya mema nikaijaza: balbu, koki ya bomba, daftari, kopo la dawa. Kwenye ya maovu nikaweka kokoto moja.

"Waheshimiwa," nikasema kwa sauti ya msibani, "kokoto hii imejitahidi. Tuipe pole."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Sindano akaja mbele, akaichukua kokoto, akaifumbata.

"Mizani ni ya sokoni," akasema. "Ni ya anayeuza na anayenunua. Bibi yangu hakuuza kitu. Askari wa taifa hili walichoma kijiji chake, wakamfukuza na mtoto mgongoni, ndipo bwawa likajazwa. Maji ni mazuri, nayanywa kila siku. Lakini hakuna tone lililorudi nyuma kuuzima ule moto."

Akakaa. Kura zikapigwa, nikashinda. Kidato cha kwanza humpa kura anayewachekesha, na nasikia hata watu wazima wana ugonjwa huo.

Nikamfuata nje. "Dada Sindano, nirudishie kokoto. Ni mali ya shule."

"Sikupi."

"Umenuna?"

"Bibi anakuja Jumamosi. Hajakanyaga huku tangu wamfukuze. Atasimama mbele ya lile tangi, asome utakachoandika. Haya, andika, Mheshimiwa. Mchekeshe."

Usiku ule niliandika utani wa kwenye tangi, kisha nikauchana mwenyewe. Kwangu mimi, hiyo ni dalili ya homa.

Ijumaa nikampelekea mwalimu wa historia, mlezi wa mdahalo, mistari miwili. Akaisoma kwa sauti: "Taifa letu lilituletea maji haya. Taifa letu lilichoma kijiji kilichokuwa bwawani na kuwafukuza wenyewe." Akavua miwani. "Wewe si ulishinda?"

"Nilishinda, mwalimu. Ndiyo maana naandika mimi."

"Basi huu wa pili uende chini kabisa, kwa herufi ndogo."

"Bibi yake Sindano ana macho ya kizee, mwalimu."

"Hii ni ile mizaha yako?"

"Hapana, mwalimu. Hata mimi nimeshtuka."

"Na nikikataa?"

"Nitasimama mbele ya wageni niyatangaze mwenyewe. Sauti yangu unaijua."

Anaijua. Akashusha pumzi, akatia sahihi.

Fundi rangi alikuwa amemaliza mstari wa kwanza, herufi kubwa kama milango, alipokuna kichwa. "Kijana, nafasi imebana. Huu wa pili niupunguze?"

"Futa wa kwanza, fundi. Yote miwili ilingane."

"Nifute kazi yangu?"

"Tutafuta sisi," akasema Sindano nyuma yangu. Alishakuja na matambara na mafuta ya taa. Tukasugua mpaka mikono ikawa ya bluu. Kisha akatoa kokoto mfukoni, akakwaruza nayo mistari ya kumwongoza fundi, kila herufi kimo kimoja.

Jumamosi bibi yake alisimama mbele ya tangi, akaukazia macho mstari wa kwanza, halafu wa pili. Makofi ya wageni yakafifia yenyewe. Bibi akanigeukia.

"Wewe ndiye yule wa mbuzi?"

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umeandika 'kijiji'. Kilikuwa na jina."

Mwalimu wa historia akakohoa. Sindano akanitazama.

"Nitajie, bibi," nikasema, nikakunja mikono ya shati, nikaenda kuchukua ngazi.