Kamera Itakayotaja Majina

Tetesi zilianzia kwa Wajapani, zikapita kwa jamaa mmoja wa YouTube mwenye ndevu nyingi kuliko ushahidi, na zilipofika Nakuru zilikuwa zimenenepa. Kamera mpya ya mirrorless, aina isiyo na kioo ndani, ilikuwa njiani. Itaona gizani kama paka. Haitatoa sauti hata chembe. Betri yake itamaliza harusi nzima, tangu bibi harusi anapopakwa poda hadi mjomba mlevi anapobebwa mzobemzobe. Elphas Kosgei aliyapokea hayo yote kama unavyopokea habari za mvua ya nchi nyingine. Jambo moja tu ndilo lililomkosesha raha. Ilisemekana kwamba ukiisajilia kamera hiyo uso wa mtu mara moja, itamtambua popote atakapokuwa na kuandika jina lake juu ya kichwa chake, palepale unapoweka jicho.

"Sasa hiyo ni ya nini?" aliuliza Maxwel, mwenzake wa studio, akimenya ndizi juu ya kibodi. "Mimi napenda ile ya kuona giza. Jina ya bibi harusi si iko kwa kadi?"

"Itasaidia," Elphas alijibu, na hakusema itamsaidia nani.

Itamsaidia yeye. Elphas hakuwa na uwezo wa kuzijua sura za watu. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Pua aliiona, mdomo aliuona, lakini vitu hivyo havikujumlika vikawa mtu fulani. Akigeuka tu, sura imefutika. Alipokuwa mtoto sokoni Molo aliwahi kushika sketi ya mama mwingine na kuandamana naye hadi kwenye viazi, kwa sababu mamake asubuhi hiyo alikuwa amefunga kitambaa kipya. Tangu hapo akajifunza kuwajua watu kwa sauti, kwa mwendo, kwa koti. Waliomwona akiwapita njiani walisema anaringa. Na bado, hebu cheka ukitaka, mtu huyo akaenda kuwa mpiga picha, tena mzuri. Nyuso hazikumwambia kitu, kwa hiyo alingoja mikono na mabega, na watu wakaona picha zake na kusema zina roho.

Siri hiyo hakuijua mtu. Maxwel hakuijua, na Wariara, mwanamke ambaye Elphas alitaka kumwoa, hakuambiwa. Utamwanzia wapi? Utamwambiaje mwanamke kwamba unampenda, ila ukimkuta sokoni naye asipokusemesha, utampita kama nguzo ya stima?

Na sasa ruracio ilikuwa imepangwa mwezi wa Agosti, nyumbani kwa kina Wariara huko Kiamunyi. Elphas alikuwa amepiga picha nyingi za siku hizo za mahari, kwa hiyo alijua vizuri kilichomngoja. Wasichana kadhaa hufunikwa leso kutoka utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, bibi harusi akiwa mmoja wao, na bwana harusi huambiwa achague wake. Akikosea anatozwa mbuzi, watu wanacheka hadi wanalia, kisha anajaribu tena. Kukosea kwenyewe hakukumtisha. Waliokosea hujua wamekosea pindi leso inapoinuliwa, wakaruka nyuma kama walioshika sufuria ya moto. Yeye hangejua. Angeweza kumfunua binamu wa Wariara, akamkumbatia, akamwita mpenzi mbele ya wazee wa pande zote mbili. Na mabinamu hao walikuwa wa kimo kimoja na umbo moja na Wariara, na siku hiyo wote wangevaa sare, wafunge vilemba vya rangi moja, na wapigwe marufuku kufungua mdomo.

Basi mpango wake ulikuwa kamera. Bwana harusi mpiga picha akija na kamera shingoni, nani atashangaa? Leso ikiinuliwa, atajifanya anapiga picha. Jina likitokea, amepona. Lisipotokea, ataruka nyuma kama wengine. Alimwomba jamaa wa duka moja la Nairobi amtangulize kwenye foleni, akawa anasoma tetesi asubuhi kabla ya chai na mchana kabla ya chakula.

Uzinduzi ulikuwa mwanzoni mwa Julai, saa za mchana. Walitazama kwenye simu ya Maxwel, wameiegemeza kwenye kopo la gundi. Mzee mwenye suti nyeusi alitangaza kwamba kamera hiyo inatambua binadamu, mbwa, paka, farasi, ndege wa angani, ndege za abiria, treni na wadudu. Elphas alingoja. Mzee akahamia kwenye betri. Elphas bado alingoja. Mwishowe mwandishi mmoja akauliza kuhusu ile habari ya majina, naye mzee akatabasamu na kusema huenda jambo hilo likawezekana katika siku za usoni.

Siku za usoni. Elphas alilirudia neno hilo kimoyomoyo, akataka kucheka, kicheko kikakataa.

"Umeona hiyo ya giza?" Maxwel alikuwa amesimama kabisa. "Manze, si niliwaambia!"

"Inajua panzi," Elphas alisema. "Mtu haimjui."

Jioni kabla ya ruracio alimpigia Wariara, ameamua kusema yaishe.

"Wariara, kuna kitu nataka..."

"Kama ni ya leso, wewe kuja tu," Wariara alimkatiza. Nyuma yake sufuria ziligongana na mtu akaita. "Utanijua. Wacha niende, wananiita."

Simu ikakatika, na Elphas akabaki na hofu mara mbili ya ile aliyokuwa nayo.

Siku yenyewe anti Immaculate, shangazi wa Wariara, ndiye aliyeshika maikrofoni, na ukimpa huyo maikrofoni usahau kuipata tena. Wasichana waliingia kwa mstari huku wengine wakiimba kwa niaba yao, leso zikiburuta nyasi. Mmoja alichechemea kwa makusudi. Mwingine aliinama kama ajuza. Upande wa Molo, wajomba zake Elphas, ulianza kupiga kelele.

"Wa tatu! Angalia visigino!"

"Hapana, yule mrefu! Elphas, yule mrefu!"

Elphas aliinua macho, akautazama ule mstari, na hapo jambo la ajabu likatokea: akatulia. Mbele yake hapakuwa na sura hata moja. Maisha yake yote watu wengine walikuwa wakisoma kitu asichoweza kukisoma, na leo kitu hicho kilikuwa kimefunikwa leso. Wajomba zake walikuwa wamepotea kabisa. Yeye alikuwa nyumbani.

"Mpiga picha wetu leo amekwama," anti Immaculate alitangaza. "Hii ni film, hujui nini imetoka mpaka ukaoshe!"

Watu wakaangua kicheko. Leso zote zikatikisika, isipokuwa moja. Kicheko kikapungua, leso zikatulia, na ndipo ile moja, ya pili kutoka mwisho, ikaanza kutikisika peke yake, kuanzia mabegani. Wariara hakuwahi kucheka mzaha kwa wakati. Mzaha humfikia yeye wenzake wakishafuta machozi.

Elphas alienda moja kwa moja, akamgusa bega. Anti Immaculate akainua leso taratibu.

Kulikuwa na uso. Macho mawili, pua, mdomo uliobanwa usicheke, kilemba cha rangi sawa na vya wengine. Elphas hakuujua. Alingoja vigelegele, na wanawake, watundu hao, wakaminya midomo yao kimya.

"Una uhakika?" shangazi aliuliza. "Hebu mwangalie vizuri usoni kwanza, wazee wasikuone mjinga."

Alimwangalia usoni. Akautafuta msaada katika uso ule na asiupate, kama ambavyo hajawahi kuupata. Kisha akaacha kuutazama. Aliyatazama mabega, ambayo yalikuwa bado yanahangaika kuzuia mzaha wa dakika nzima iliyopita.

"Ndiye," alisema. "Mfunikeni tena mkitaka. Nitachagua huyuhuyu."

Vigelegele vilipasuka. Alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Juni, na mjomba wake akamshika asije akaketi kwenye nyasi na suti ya kuazima.

Watu walipopanga foleni ya chakula, wawili hao waliachwa kwenye viti vyao vilivyopambwa. Wariara alikuwa amevua kilemba na anakitumia kujipepea.

"Uliacha kuniangalia usoni," alisema.

Hapo ndipo Elphas alipolitoa la moyoni. "Wariara, mimi uso wako siujui. Si wako pekee. Wa mama pia. Hata wangu kwa kioo."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ile siku nilikungoja posta, nikiwa nimefumua nywele. Ulinipita mara mbili ukinitafuta. Halafu ukanipigia simu ukiwa umesimama mbele yangu." Alicheka kidogo. "Nilikuwa nikuchape. Lakini nikaona vile umeshtuka, nikajua si madharau. Nikaenda nikasoma kwa internet."

"Na hukusema kitu?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme." Alizishika nywele zake fupi, zisizo na urembo wowote. "Kwani ulidhani sijasuka tangu hiyo siku kwa nini? Miaka tatu, Elphas! Anti amefikiria nimeingia kwa dhehebu."

Elphas alifungua mdomo, na badala ya maneno yakatoka machozi. Hakuyaonea aibu. Alilia na kucheka kwa pamoja, na mjomba mmoja kwenye foleni akamwonyesha mwenzake kwa kijiko.

"Basi Jumanne nasuka," Wariara alisema. "Ndefu, mpaka kwa mgongo."

"Na nikikupita?"

"Nitakushika shati."