Mba Chini ya Kitambaa

Siku zile za Mwingereza, tangu posa yake ipokelewe, Dorkas hakuvua kitambaa kichwani mbele ya mtu. Mba ilikuwa imemvamia. Akijikuna tu, mabega yanakuwa meupe kama ya mtu aliyetoka kupepeta unga. Lakini kilichomkosesha raha si muwasho. Aliogopa neno moja: ukoma. Kule kwao milimani Mbaga, binti mmoja alivunjiwa uchumba kwa sababu ya baka tu shingoni. Na Jumamosi mama yake Fanueli, mchumba wake, angekuja kumsuka kwa ajili ya harusi.

Akashuka Same, akaingia dukani kwa Yahaya, akangoja wateja watoke. Hawakutoka. Mwishowe akanong'ona.

"Dawa ya mba?" Yahaya akauliza kwa sauti ya mnadani. "Ipo sabuni ya maji, imeshuka juzi na treni ya Tanga. Wala huhitaji cheti cha daktari. Unasugua, unaiacha kidogo, unasuuza. Angalia macho tu."

Watu wakageuka. Dorkas akaifutika chupa ndani ya khanga, akatoka mbio.

Alhamisi alijificha uani, nyuma ya migomba, akajipaka. Povu lilinuka lami, likamchoma kila alipojikuna. Aiache kidogo, kidogo ni kiasi gani? Na nywele zikinyonyoka? Akawa anazivutavuta kuhakikisha bado zimeshika.

"Hodi!"

Sauti ya mama Fanueli. Kabla hajapata hata kitambaa, mgeni alikwisha kufika uani.

"Shikamoo, mama," Dorkas akasema, povu likimtiririka shingoni.

"Marahaba." Mama akatazama kichwa, kisha chupa. "Ndicho ulichokuwa unanificha?"

"Ni mba, mama. Si ukoma, naapa!"

Mama akashusha pumzi. "Mwanangu, nimepanda mlima huu kukuuliza kama umeghairi. Kila nikija unajifunika, unakaa mbali, macho mlangoni. Nikasema binti huyu analazimishwa. Fanueli mwenyewe hali, halali."

Dorkas alitaka kucheka, akalia. Povu likamwingia machoni. Mama akachukua kata ya maji, akamwinamisha, akamsuuza, kisha akapekua nywele fungu kwa fungu. Dorkas alibana pumzi.

"Ipo nyingi," mama akasema hatimaye. "Kuosha mara moja hakutoshi. Jumamosi hatusuki, tunaosha tena. Kanisani utavaa shela."

"Na Fanueli? Utamwambia nini?"

"Nitamwambia ale."