Mshiriki wa Tatu

Kazini walimwita Dada Ripoti, naye hakulichukia jina hilo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ofisa wa jamii katika shirika dogo lenye ofisi ya vyumba vitatu nyuma ya kituo cha mafuta, na hapakuwa na mtu aliyejua kuandika ripoti kama yeye. Mradi ukisuasua, yeye aliuandika ukasimama wima. Meneja alipenda kusema, nusu utani, kwamba Dada Ripoti angeweza kuandika habari za kisima kikavu na msomaji akasikia kiu imemkatika.

Akiwa na miaka arobaini na sita aliamua kusomea shahada ya uzamili ya maendeleo ya kimataifa na ya jamii, kwa njia ya mtandao, katika chuo ambacho hajawahi kukikanyaga. Nyumbani intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Mahali pa karibu palipokuwa na ya uhakika ni kwa dada wa mumewe, fundi cherehani, aliyeivuta ili wateja wamtumie picha za mishono.

"Jumamosi utakuwa wapi?" mumewe alimuuliza.

"Kwa wifi."

"Wifi dada yangu, au wifi ya intaneti?"

"Nisipompata mmoja, na wa pili simpati."

Walicheka, lakini ndani ya kicheko hicho kulikuwa na jambo. Yeye na wifi yake walikuwa hawaivi chungu kimoja. Ugomvi haukuwepo, ila ubaridi tu, wa miaka kama sita hivi, ambao Dada Ripoti aliuona ni mambo ya kawaida ya mawifi na hakujisumbua kuuchokonoa. Alipoomba kona ya chumba cha kushonea kwa Jumamosi za masomo, alijibiwa kwa maneno mawili matatu: "Njoo. Ila usinisogezee vitambaa."

Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, cherehani cha kanyagio, meza ndefu ya kukatia, na nguo zilizotundikwa kwenye waya, kila moja ikiwa na kikaratasi cha vipimo kilichobanwa kwa pini. Dada Ripoti aliweka kompyuta kwenye ncha ya meza. Vipokea sauti vilimuumiza masikio, kwa hiyo mhadhiri, mzee mmoja mwenye sauti ya upole, akawa anasikika chumba kizima.

"Huyo mzee anasemaje?" wifi aliuliza Jumamosi ya pili, miguu ikiwa bado kwenye kanyagio. Somo lilikuwa la Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza.

Dada Ripoti akaanza kumfasiria. Mwanzoni alifanya kwa adabu tu, kama mgeni anavyomhudumia mwenyeji. Kisha akaona kazi ile ilikuwa ngumu kuliko mtihani. Maneno aliyoyatumia ofisini kila siku yalikuwa yakipita bila kuulizwa; hapa kila moja lilisimamishwa mlangoni.

"Anaongelea ushirikishwaji."

"Ndiyo nini?"

"Kuwauliza watu kabla hujawafanyia jambo."

"Si useme hivyo basi," wifi alisema, akakata uzi kwa meno.

Jumamosi ya tano mhadhiri alifika kwenye uwezeshaji. Wifi akauliza, kama kawaida, ndiyo nini. Dada Ripoti alifikiri kidogo, akasema, "Ni mtu kupata nguvu ya kujiamulia mambo yake."

Cherehani kikanyamaza.

"Na sisi mlitufanyia hiyo?"

"Nyinyi nani?"

"Sisi wa kile kikundi. Niliiona ripoti yenu. Ilibandikwa pale ukutani kwenu, na picha yetu. Wanawake kumi na wawili wamewezeshwa."

Dada Ripoti aliikumbuka vizuri; sentensi ile alikuwa ameiandika yeye. Miaka sita nyuma shirika lilianzisha kikundi cha ushonaji hapo mtaani, likaleta vyerehani vinane, na wifi yake akachaguliwa mwenyekiti. Ripoti ilikwenda kwa wafadhili mwezi wa tatu tangu kikundi kianze. Baada ya hapo alihamishiwa mradi mwingine, wa mbali na ofisi.

"Mlikuwa mnakwenda vizuri," alisema.

"Mpaka siku ya picha, ndiyo." Wifi aligeuza kiti. "Vyerehani mlivifungia stoo ya ofisini kwenu. Stoo ilifunguliwa Jumanne na Alhamisi, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Saa hizo watoto wanatoka shule, na wanaouza vitu ndipo wateja wanakuja. Ukitaka kuingia usaini fomu. Mwezi wa tano tulibaki wanne. Mwezi wa saba nikabaki mimi na mlinzi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ngoja nimalize. Wenzangu walisema mimi ndiye niliyewafungia, kwa sababu mwenye ofisi ni wifi yangu. Yule mwenzetu muuza mkaa, niliyecheza naye tangu tukiwa watoto, alikaa miaka miwili hanisalimii. Nilikuwa nikipita, anageukia magunia yake. Nikuambie wewe? Siku uliyokuja, ulikuja na kamera. Ukatuambia tucheke. Tukacheka."

Kwenye kompyuta mhadhiri alikuwa bado anaongea, lakini hakuna aliyemsikiliza. Dada Ripoti alitaka kujitetea, kwamba saa zile zilipangwa na meneja, na fomu zilitakiwa na wafadhili. Akayatazama maneno hayo moyoni, akayaona hayafai hata kutamkwa. "Sikujua," alisema mwishowe, na hata hilo likamsuta, maana kutojua kwenyewe kulikuwa kwa kutouliza.

Wifi alirudi kwenye mshono wake.

Kazi ya mwisho ya muhula ilikuwa kuurudia mradi uliokwisha na kuwasikiliza watu watatu waliokuwamo, bila dodoso. Dada Ripoti angeweza kuchagua mradi wa mbali. Akapiga moyo konde, akachagua ule. Alikwenda kwa muuza mkaa, akakaa juu ya gunia asubuhi nzima. Alikwenda kwa mama anayefua nguo za watu, wakaongea huku wakianika shuka. Wa tatu alikuwa wifi yake, aliyekubali kwa sharti moja: kabla haijatumwa, asomewe.

Alisomewa, kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Alisikiliza mpaka pahali fulani akainua mkono.

"Mshiriki wa tatu ndiye nani?"

"Ni wewe. Ndio utaratibu. Tunaficha majina ili kuwalinda wahusika."

"Kunilinda na nani? Siku ya kucheka mliniandika jina kamili na la baba yangu. Leo nina la kusema, nimekuwa namba?"

Dada Ripoti alimwandikia mhadhiri, ambaye alijibu kwamba mtu akiridhia kwa hiari yake anaweza kutajwa. Jina likaandikwa, kamili, na la baba.

Wiki hiyohiyo meneja alimwita. Alikuwa anatayarisha ombi la vyerehani ishirini kwa mtaa mwingine, na alitaka ile ripoti ya kikundi iwe ushahidi. Dada Ripoti alimwekea mezani kurasa za kazi yake ya chuo.

Meneja alisoma akiwa amekunja uso. Alipofika kwenye habari za stoo, akavua miwani.

"Unataka kutuvua nguo hadharani?"

"Hapana. Nataka tusiende kuwafanyia wengine vilevile. Ile ripoti ni uongo, na niliyeiandika ni mimi."

"Haikuwa uongo. Ilikuwa mwezi wa tatu."

"Na mwezi wa saba hatukuandika."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alivaa tena miwani, akauliza kama vile vyerehani bado vipo. Walikwenda stoo wote wawili. Vilikuwepo, chini ya maboksi ya makaratasi, viwili vimeliwa na kutu na mikanda yake imekatika. Ombi jipya lilisogezwa mbele, jambo lililomuudhi meneja kwa wiki kadhaa, lakini alikubali wanawake wenyewe waitane na waamue vile sita vizima viende wapi.

Walikutana kwenye chumba cha kushonea. Dada Ripoti alifika na daftari, akamkuta wifi yake amesimama mlangoni.

"Leo hapana," wifi alimwambia, bila ukali. "Wakikuona wataongea ya ofisini."

Iliuma. Alirudi kazini, akakaa na kalamu mkononi kama mtu aliyesahaulika kituoni. Meneja akachungulia.

"Wamesemaje?"

"Sijui."

"Utajua lini?"

"Wakipenda kuniambia."

Walimwambia kesho yake. Hawakutaka kikundi tena. Vyerehani vigawiwe kwa watu sita, kila mtu akae na chake nyumbani kwake. Dada Ripoti alikuwa amesoma vitabu viwili vizima vya kusifu vikundi, na ulimi ulimwasha; akajizuia. Chuo nacho kikamrudishia kazi yake na alama sitini na moja. Nadharia imepwaya, mhadhiri aliandika, kisha akaomba ruhusa kuwasomea wanafunzi wengine ile sehemu ya saa tisa mpaka saa kumi na moja. Ruhusa aliitoa wifi.

Mwezi haujaisha, muuza mkaa, mmoja wa wale sita, aliuza cherehani chake akanunua mizani mpya. Dada Ripoti alipopata habari alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake, amefura.

"Ameuza! Hata mwezi?"

"Nimesikia," wifi alisema. "Asubuhi tulikunywa chai pamoja, akanionyesha mizani. Nzuri sana." Akavuta kiti cha pili kwa mguu. "Kaa. Unanizibia mwanga."

Akakaa. Hasira ilichukua muda kumshuka, na haikushuka yote. Wifi aliendelea kukunja pindo la gauni, naye akawa anampa pini, moja moja.