Mayai Matatu ya Kuku wa Kishingo

Kuku alitaka kuondoka kwenye kiota, na Kokushubila alijua kwamba akiondoka, mayai matatu yaliyobaki yatapoa, na huo ndio utakuwa mwisho wa mayai hayo.

Alichuchumaa mbele ya banda, uani kwao Temeke. Mumewe, Projestus, alikuwa ameshakwenda kazini kwake relini. Ilikuwa siku ya ishirini tangu yule mtetea wake mwekundu aanze kuatamia. Vifaranga vinne vilikuwa vimeshatoka, vidogo kama ndimu, na mama yao aliinuka kila mara, akavipigia kelele za kuviita nje, akarudi, akaketi kidogo, akainuka tena. Mayai matatu makubwa hayakuwa na ufa hata mmoja.

"Keti, mama," Kokushubila alimbembeleza. "Keti nakuomba."

Kuku akamdonoa kidole.

Mayai yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya Bi Mauwa, jirani wa nyumba ya tatu. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 1951 kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kilipita mtaani kikafagia mabanda karibu yote. Kwa Bi Mauwa walikufa kuku kumi na wanane, wote wa kishingo, wale wenye shingo isiyo na manyoya, uzao aliokuja nao kutoka Lindi alipoolewa. Akabaki mmoja tu, kikongwe cha miaka sita, ambaye alitaga leo akapumzika siku mbili, na kuatamia alikuwa ameshasahau. Bi Mauwa aliyakusanya mayai yake moja moja, akayaweka kwenye kikapu cha pumba. Yalipofika saba alimletea Kokushubila.

"Mtetea wako ana joto la ujana," alimwambia. "Mwekee haya. Wakitoka tutagawana. Mie nataka uzao tu usipotee."

Hakuyahesabu mbele yake. Tangu Kokushubila ashuke kwenye gari moshi kutoka Bara, bibi yule hakuwahi kumhesabia kitu. Alipougua homa mwezi mzima, Bi Mauwa ndiye aliyemfulia nguo na kumsongea uji, akakaa mlangoni akijifanya amekuja kusuka ukili ili mgonjwa asijione mzigo.

Na jioni ileile ya mayai, mgeni akaingia. Ta Theonest (kwao "Ta" ni neno la heshima kwa mwanamume), baba mdogo wa Projestus, safari ya siku nne kutoka Bukoba, bila barua.

"Ta Theonest hawezi kula dagaa nyumbani kwangu," Projestus alinong'ona jikoni. "Kaanga mayai. Makubwa."

Kokushubila alikuwa na mayai mawili ya mtetea wake, madogo kama ya njiwa. Alitazama kikapu cha pumba. Kwao Bukoba mwanamke hali yai. Tangu utotoni alikuwa akiwapikia wanaume mayai bila kuonja hata ncha ya kijiko, na kwake yai lilikuwa yai: kubwa ni la heshima, dogo ni la kawaida, na ndani ni mamoja. Akakaanga manne ya Bi Mauwa. Mtetea alipotaga mengine mawili, akajazia pengo, manne kwa manne, na hesabu ikatimia saba. Mtetea alipoanza kuatamia, Bi Mauwa alipita kila siku kumtazama, lakini hakumwinua, maana kuku anayeatamia hafunuliwi.

Sasa kifaranga kimoja kilikuwa kimelala ubavu, hakisimami. Kokushubila alikigusa. Kilikuwa kimekufa. Kuku akatoka nje ya banda na wale watatu nyuma yake wakiyumba.

Kokushubila hakufikiri tena. Aliyachukua yale mayai matatu, akayafunga ndani ya kanga kifuani, juu ya ngozi yake, akatoka mbio za kujizuia hadi kwa Bi Mauwa.

"Hodi, Bibi."

"Karibu. Mbona umejikumbatia hivyo, umeiba?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nakuuliza, umeiba?"

"Nimeiba, Bibi," alisema, na machozi yakamtoka. Akamweleza yote akiwa amesimama: mgeni, kikaango, mayai madogo, kuku anayeondoka.

Bi Mauwa alisogea karibu. Macho yake yalikuwa kwenye kanga.

"Yapo mangapi?"

"Matatu."

"Matatu," alirudia bibi, taratibu. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyeambiwa habari za msiba akiwa peke yake. Kisha akainuka, akashika kiuno. "Lete bakuli. Maji yawe vuguvugu tu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Lenye uhai litacheza majini."

Waliyaweka yote matatu majini, wakainama vichwa vikigusana. Maji yalitulia. La kwanza halikutikisika. La pili pia kimya. La tatu likacheza, kidogo sana, kama mtu anayegeuka usingizini. Kisha la pili nalo likajibu.

"Hilo la kwanza ni viza," alisema Bi Mauwa. "Kuku akizeeka, mengine ndivyo yanavyokuwa. Twende. Huyo mtetea wako anajua nini? Mtoto anazaa watoto."

Uani, bibi aliwakusanya vifaranga watatu, akamwingiza kuku kwenye kiota na mayai yale mawili, akamfunika kwa tenga. Kuku alilalamika, akazunguka, halafu, kwa kuwa hakuona wa kumfuata, akaketi. Vifaranga vikawekwa chunguni, juu ya matambara, karibu na jiko.

"Mbona hawa wamelegea hivi?" aliuliza Kokushubila.

"Kifaranga hutoka na kiini tumboni, ndicho chakula chake cha siku mbili tatu. Yai la kwanza la mtetea lina kiini kama punje. Wametoka bila akiba ya njiani." Akafungua pindo la kanga yake, akatoa yai kubwa. Ganda lake lilikuwa jepesi, karibu liangaze. "Chemsha hili, uwape kiini, kidogo kidogo."

"La nani, Bibi?"

"La bikizee wangu. Ametaga juzi. Sidhani kama atataga tena."

"Basi tuliweke chini ya kuku!"

"Ganda kama karatasi, mwanangu. Atalikanyaga livunjike kabla ya wiki. Hawa wako hai sasa hivi."

Kokushubila alilichemsha. Alikivuruga kile kiini cha njano kwa vidole, akashangaa kilivyojaa kiganja, akawalisha wale wasio na haki nacho. Bi Mauwa alimtazama, kisha akauliza:

"Huyo mgeni wako, alishiba?"

"Alishiba, Bibi. Aliramba sahani."

"Heri alishiba."

Walikaa mchana kutwa. Alasiri yai moja lilitoboka, mdomo ukaonekana, ukapumua mara chache, ukatulia. Bi Mauwa alilishika muda mrefu kabla ya kuliweka pembeni. Kokushubila aliona afadhali angemtukana.

Kesho yake, siku ya ishirini na moja, jua lilipoanza kuchoma, walisikia sauti chini ya tenga. Bi Mauwa hakuthubutu kufunua.

"Funua wewe. Mie macho yangu hayataki."

Kokushubila alifunua. Kwenye maganda alisimama kifaranga kimoja, kikubwa, chenye miguu minene, manyoya bado mabichi. Shingo yake ilikuwa tupu, nyekundu, kama imenyolewa.

"Ni yeye?" aliuliza bibi.

"Ni yeye, Bibi. Shingo haina kitu."

Bi Mauwa alinyoosha viganja vyote viwili, akakipokea.

"Jike au dume, hatutajua mpaka aote upanga kichwani," alisema. "Kaa hapa karibu yangu tumkaushe. Na Ta nani yule akija tena, mpe dagaa."